Risala ya wahitimu wa darasa la jioni la hesabu za biashara kwa mgeni rasmi, Mbagala, Dar es Salaam

Mheshimiwa mgeni rasmi,
Mwenyekiti wa Serikali ya Mtaa,
Afisa Maendeleo ya Jamii wa Kata,
Walimu wetu, wazazi na wahitimu wenzetu, itifaki imezingatiwa.

Karibu sana Mbagala. Wahitimu walio mbele yako ni mama lishe, wauza mitumba, mafundi cherehani na vijana wa bodaboda. Darasa hili hufundisha kupanga bei, kuandika daftari na kusoma mkataba, na yote hufundishwa kwa Kiswahili.

Mheshimiwa mgeni rasmi, tuanze na chapati, kama tunavyoanza darasani. Tuchukulie unga kilo mbili ni sh. 4,000, mafuta nusu lita sh. 2,500, mkaa sh. 1,500, chumvi na maji sh. 300. Jumla sh. 8,300. Zinatoka chapati 22, na kwa sh. 500 kila moja zinaleta sh. 11,000. Anayehesabu unga peke yake huamini amepata sh. 7,000, kumbe amepata sh. 2,700. Watoto wakila mbili na tatu zikilala, anabaki na sh. 200, na hapo jasho lake hajalilipa. Mitaji mingi midogo hufia hapa, kwenye mkaa na mafuta ambayo hayakuandikwa popote.

Daftari lina safu tano: tarehe, maelezo, zilizoingia, zilizotoka na salio. Chapati waliyokula watoto huandikwa kama matumizi ya nyumbani. Madeni ya wateja yana ukurasa wake. Kila jioni salio la daftari hulinganishwa na fedha za mkononi pamoja na zilizo kwenye Lipa Namba, yaani namba ya biashara ya kupokelea malipo ya simu. Zisipolingana, kosa hutafutwa usiku huohuo, maana kesho hakuna atakayekumbuka. Anayepokea malipo kwa namba yake binafsi hupata shida zaidi: hela ya mauzo huchanganyika na mchango wa harusi na ada ya mtoto, na mwisho wa mwezi hajui ipi ni ipi.

Jambo linalotuumiza zaidi ni mikopo, ile ambayo mtaani inaitwa kausha damu. Benki Kuu imeweka ukomo wa riba ya asilimia 3.5 kwa mwezi kwa wakopeshaji wa daraja la pili, yaani wale wanaokopesha bila kupokea amana za watu. Lakini asilimia hiyohiyo hukokotolewa kwa njia mbili. Chukua sh. 1,000,000 kwa miezi sita. Riba ikitozwa kila mwezi juu ya mkopo wote wa mwanzo, ni sh. 35,000 mara sita, yaani sh. 210,000. Ikitozwa juu ya salio linalopungua kwa kila rejesho, jumla ni sh. 122,500. Tofauti ni sh. 87,500, na imejificha katika neno moja la mkataba. Hapo hatujagusa ada ya fomu na bima zinazokatwa mapema, kiasi kwamba mkopaji anapokea pungufu huku riba ikihesabiwa kwenye milioni nzima.

Kuna pia kifungu cha wadhamini wa kikundi, kinachosema wanawajibika "kwa pamoja na kila mmoja peke yake". Maana yake, wanne kati ya watano wakikimbia, aliyebaki anaweza kudaiwa deni lote. Mtu aliyeweka saini bila kuelewa maneno hayo hutambua siku friji inapobebwa.

Mheshimiwa mgeni rasmi, marekebisho ya sheria ya mwaka 2021 yalikifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama. Hata hivyo, mikataba ya laki tano bado inaandikwa kwa Kiingereza kigumu, na anayepewa kalamu amesoma kwa Kiswahili hadi darasa la saba. Kijana wake aliye sekondari amejifunza utunzaji wa vitabu vya hesabu kwa Kiingereza. Anafaulu mtihani, lakini anashindwa kumweleza mama yake dukani. Kiingereza tunakitaka, na watoto wetu wakijue vizuri. Tunachoomba ni elimu hiyo ifike hadi gengeni.

Maombi yetu ni haya. Kwanza, mikopo ya halmashauri isiyo na riba, ya asilimia 10 ya mapato ya ndani, yaani 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu, inawakosa wengi wenye katiba na akaunti ya kikundi kwa sababu andiko la biashara limewashinda. Tunaomba kata itenge siku moja kwa wiki ya kuwasaidia kuliandika.

Pili, utusaidie kuwahimiza wakopeshaji watoe mkataba wa Kiswahili, ukurasa wa kwanza ukionyesha kiasi anachopokea mkopaji mkononi, jumla atakayorudisha, tarehe za marejesho na adhabu ya kuchelewa.

Tatu, darasa letu huanza saa 11 jioni, na giza likiingia hatuoni ubao. Tunaomba taa mbili.

Tunaomba kuwasilisha.