Juma, bunduki ya Babu haipo tena

Bombo, Uganda
Jumapili jioni

Juma ndugu yangu,

Salamu nyingi. Sisi huku wazima, ila mvua imetushika tangu Ijumaa na mahindi yamelala chini shambani. Barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya pili kwa kucheka. Mtu umevumilia baridi yote ya Ohio, leo kinachokunyima usingizi ni bei ya bunduki kuukuu!

Ile Stevens 311, bunduki ya mitutu miwili, uliyoiacha dukani kwa dola 200 ukisema utarudi, kisha ukakuta wenzako wameibeba na ya kufanana nayo inauzwa 500: pole. Ila mwenye duka unamwonea bure. Zilikuwa bunduki za mkulima, za kuegemezwa nyuma ya mlango, na kiwanda kiliziacha mwishoni mwa miaka ya 1980. Halafu wakaja hao wa mashindano ya shabaha wanaovaa kama wachunga ng'ombe wa zamani, wakazisaka, wengine wakaikata mitutu. Kutengeneza mpya kwa bei ile haiwezekani kirahisi. Mitutu miwili lazima iungwe mpaka yote ipige mahali pamoja, na kazi hiyo hula muda wa fundi.

Inayonitia wasiwasi ni hiyo ya Ubelgiji unayopewa kwa bei ya bure. Umesema mitutu yake ina michirizi kama ukili wa mkeka. Basi ni vipande vya chuma na feleji vilivyosokotwa na kuunganishwa kwa nyundo, enzi za baruti nyeusi. Kutu hujificha ndani ya maungio, huioni. Itundike ukutani.

Hata ukipata ya feleji tupu, fundi apime kwanza urefu wa chemba, lile tundu la nyuma ya mtutu risasi inapokaa. Bunduki nyingi za zamani za Uingereza zina milimita 65, na risasi za siku hizi ni za 70. Ubaya ni kwamba risasi hiyo ndefu inaingia vizuri kabisa, kwa kuwa mdomo wake bado umekunjwa. Ukifyatua, mdomo unafunguka na kukosa nafasi, shinikizo linapanda mno ndani ya chuma, na uso wako uko hapo hapo.

Kisha fanya alivyokuwa akifanya Babu, unakumbuka? Anaitoa mitutu, anaining'iniza kwenye kidole kimoja, anaigonga kwa ukucha na kuinamisha sikio. Ikilia kama kengele, anatabasamu. Ikitoa sauti ya sufuria iliyopasuka, maungio yameachia.

Sasa ombi lako la bunduki ya Babu. Siwezi kukutafutia, wala usimwombe mtu mwingine. Kwa sheria yetu ya silaha ya 1970, bila cheti hushiki bunduki, na cheti kilikuwa cha jina lake. Alipofariki tuliikabidhi polisi, na kile kitako chake kilichofungwa waya wa shaba. Askari aliyeipokea aliikunjua, akachungulia ndani ya mitutu, akauliza mzee alikuwa akiipaka nini hata ikang'aa hivyo. Nikamwambia mafuta ya cherehani ya Bibi, ambayo walikuwa wakiyagombania kila Jumamosi.

Kikopo ninacho bado, kipo dirishani, na mafuta kidogo yamebaki. Ukija Desemba utakikuta.

Wako,
Ramadhani