Risala ya wanafunzi wa Jiografia kwa Mgeni Rasmi: Mkoa wetu wa Mara

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Mkuu wa Shule,
Mwenyekiti na wajumbe wa Bodi ya Shule,
Walimu wetu, wazazi na walezi,
Wanafunzi wenzetu,

Shikamooni.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, kwa niaba ya wanafunzi wote wanaosoma Jiografia shuleni hapa, tunakukaribisha kwa furaha katika Siku yetu ya Taaluma. Mwaka huu tumeamua risala yetu iuzungumzie mkoa tunaoishi. Ukitaja Tarime au Rorya mbele ya mtu wa mbali, upesi atakukumbusha Kanda Maalumu ya Kipolisi, mapigano ya koo na ng'ombe walioibwa usiku. Mambo hayo yamekuwapo, na wapo kati yetu walioguswa nayo nyumbani. Hata hivyo, anayeishia hapo hajaujua Mkoa wa Mara. Sisi tunaomba uujue kwa kuufuata mto wenyewe.

Mto Mara unaanzia nchini Kenya, katika kinamasi cha Enapuyapui kwenye misitu ya Mau. Matawi yake mawili, Nyangores na Amala, hukutana na kuwa mto mmoja unaopita hifadhi ya Masai Mara, ukavuka mpaka na kuingia Serengeti upande wa Kogatende. Kati ya Julai na Oktoba nyumbu huuvuka kwa makundi makubwa wakifuata malisho, na watalii huja kutoka pande zote za dunia kuwatazama. Ukitoka hifadhini, mto hugeukia magharibi, ukapita kusini mwa machimbo ya dhahabu ya Nyamongo, ukatandaa kwenye mafunjo na matete ya ardhi oevu ya Mara, kisha ukapita chini ya daraja la Kirumi na kumwaga maji yake Ziwa Victoria. Safari yote hiyo ni kilomita zipatazo 395. Karibu theluthi mbili za bonde lake ziko Kenya, hivyo msitu ukifyekwa Mau, tope lake tunalipokea sisi huku chini. Ndiyo maana tunaithamini sana Siku ya Mto Mara, inayoadhimishwa na nchi zote mbili kila tarehe 15 Septemba tangu mwaka 2012.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, mpaka huo mto uliukuta au mpaka uliukuta mto? Jibu liko kwenye ramani. Mwaka 1886 Waingereza na Wajerumani walikubaliana mstari uanzie pwani, uuzunguke Mlima Kilimanjaro upande wa kaskazini, kisha unyooke moja kwa moja hadi Ziwa Victoria. Waliouchora hawakuwa wameiona Sirari, mji wetu wa mpakani. Mstari ukawapita katikati Wakurya, Waluo na Wamasai. Mpaka leo kuna wenzetu darasani ambao bibi yao mmoja yuko Tarime na mwingine yuko Kuria, Kaunti ya Migori. Siku ya msiba ndugu huvuka, na siku ya harusi ng'ombe huvuka. Pale Sirari na Isebania, mji jirani wa upande wa Kenya, shilingi za nchi zote mbili hupokelewa dukani, na Kituo cha Huduma za Pamoja Mpakani kimewapunguzia wafanyabiashara adha ya kukaguliwa mara mbili.

Kuhusu watu, Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu wakazi 2,372,015 mkoani kwetu, kutoka 1,743,830 mwaka 2012. Idadi hiyo imegawanyika katika makabila mengi kuliko wageni wanavyodhani: Wakurya, Waluo, Wajita, Wazanaki, Waikizu, Wangoreme, Wakwaya, Wasimbiti, Wakabwa, Waikoma, Wanata, Waisenye, Wataturu, na wengine ambao tukiwataja wote tutakuchelewesha. Waluo ni Waniloti waliokuja na maarifa ya ziwa. Wataturu ni wafugaji, nao ni Waniloti, ila wa tawi jingine. Wengi waliobaki ni Wabantu, ingawa mzee wa Kingoreme na mzee wa Kijita hawataelewana kila mmoja akizungumza lugha yake. Hakuna kabila lililoyameza mengine, kwa hiyo sokoni, zahanati na shuleni tunakutana kwa Kiswahili, na hatuoni taabu. Katika kabila dogo la Wazanaki, pale Butiama, ndipo alipozaliwa Mwalimu Julius Nyerere tarehe 13 Aprili 1922. Alipoanza shule Mwisenge, Musoma, mwaka 1934, alikuwa mtoto wa kijijini kama sisi.

Ardhi nayo haifanani. Kandokando ya ziwa, kuanzia Bunda, Majita hadi Shirati, udongo ni wa kichanga na mvua ni za kubahatisha. Huko muhogo, mtama na pamba ndivyo vinavyostahimili, na wavuvi hutoka usiku na karabai kutafuta dagaa. Ukipanda nyanda za juu za Tarime hali inabadilika kabisa: baridi, udongo mwekundu, migomba, mahindi na kahawa aina ya arabika. Upande wa mashariki, wilaya ya Serengeti inapakana na Hifadhi ya Taifa ya Serengeti yenye kilomita za mraba 14,763. Huko mkulima hulala shambani akilinda mahindi yasiliwe na tembo, na asubuhi hupishana barabarani na magari ya watalii wanaokwenda kuwatazama tembo walewale. Jambo hili linatuuma. Wengi wetu tumezaliwa mwendo mfupi kutoka lango la hifadhi, lakini tunaijua Serengeti kupitia picha za kitabuni.

Sasa tuseme la uchumi, kwa sababu hapa ndipo penye swali letu kubwa. Mgodi wa North Mara ulianza uzalishaji mwaka 2002. Wachimbaji wadogo wako Buhemba na kwingineko, wengine wakiwa kaka zetu walioacha shule. Dhahabu inatoka. Sangara anatoka akiwa minofu. Pamba inatoka ikiwa robota, kahawa inatoka ikiwa mbichi, na ng'ombe wanatoka wakiwa hai. Mkoa wenye ziwa, mbuga, dhahabu na mpaka wa biashara si mkoa maskini, Mheshimiwa. Kinachokosekana ni mikono yenye ujuzi wa kuvitengeneza vitu hivi hapahapa: mafundi wa ngozi, wasindikaji wa maziwa na samaki, wapima ardhi, wanajiolojia, waongoza watalii wanaozungumza Kifaransa na Kichina. Sisi ndio tunaopaswa kuwa mikono hiyo, na hatutakuwa hivyo kwa kukariri majina ya mito ya bara la Ulaya huku mto wetu hatujaupima.

Machi 2022 maji ya Mto Mara yaligeuka meusi, samaki wakaelea wamekufa. Watu wa vijiji vya kando ya mto walizijua habari hizo kwa macho na pua kabla ya vipimo vya maabara. Tangu hapo tumekuwa tukijiuliza: kama shule za sekondari zilizo kando ya mto zingekuwa zinapima maji kila wiki, si tungekuwa na kumbukumbu za kulinganisha?

Kwa hiyo tunaleta maombi yetu. Tunaomba utusaidie kupata kipima mvua, vipimajoto na vifaa rahisi vya kupima uchafu na tindikali ya maji, ili daftari la hali ya hewa na maji lianze kuandikwa hapa shuleni na vidato vijavyo viliendeleze. Tunaomba pia usafiri wa ziara ya mafunzo: daraja la Kirumi, soko la Sirari na Serengeti. Zote ziko ndani ya mkoa mmoja.

Ombi la mwisho tumewapa wasichana waliandike wenyewe, nasi tunalisoma kama walivyolileta.

"Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Desemba ni mwezi wa likizo, na kwa baadhi ya koo zetu ni msimu wa ukeketaji. Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 1998 inakataza kumkeketa msichana aliye chini ya miaka 18, lakini sheria iko mbali na nyumbani usiku. Wapo wanaokimbilia nyumba salama, na wapo wasiofika. Wasiofika huozwa, na Januari viti vyao darasani hubaki vitupu. Tunaomba hosteli yetu isifungwe Desemba. Tunaomba chakula cha mwezi huo, matroni mmoja na mlinzi mmoja. Wazazi walioko hapa leo, tunawaheshimu sana, na tunawaomba mtuunge mkono."

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tunaomba kuwasilisha.

Ni sisi,
Wanafunzi wa Jiografia