Mheshimiwa Waziri, mlitupunguzia kodi wakati hatuna wageni

Kwako Mheshimiwa Waziri wa Fedha wa Kenya,

Kwa heshima na taadhima. Nina nyumba ya wageni ya vyumba 9 hapa Diani. Si mara ya kwanza kukuandikia. Ni mara ya kwanza tu kuandika wengine wakisoma.

Ijumaa iliyopita nilipigiwa simu na akina mama wa Nairobi. Chama chao kimechanga mwaka mzima waje pwani siku tatu. Nikawatajia bei, vyumba na chakula 100,000, wakafurahi. Nikaongeza VAT, yaani kodi ya ongezeko la thamani, 16,000 na ada ya utalii 2,000, simu ikawa kimya. Mwekahazina wao akasema kwa upole, "Dada, sisi tuna laki moja na kumi." Nikapunguza faida yangu hadi nikaukuta mfupa, bado haikutosha. Jumamosi wakanitumia ujumbe wa asante: wamepata nyumba ya kupanga, mwenyewe analipwa mkononi, risiti hana. Nyumba hiyo naiona kutoka barazani kwangu.

Zile 18,000, Mheshimiwa, zimekufikia?

Tukumbushane. Tarehe 1 Aprili 2020 mlishusha VAT kutoka asilimia 16 hadi 14, tukashukuru. Ila wiki hiyo ndege za abiria kutoka nje zilikwisha simamishwa kwa sababu ya korona, kafyu imeanza, na mgeni wangu pekee alikuwa paka wa jirani. Asilimia 14 ya sifuri ni ngapi? Ndege zikafunguliwa Agosti, Krismasi tukaanza kupumua, na tarehe 1 Januari 2021 mkairudisha 16. Sasa mtu akiniambia nafuu ya kodi ilijaribiwa, utalii haukuamka, nimjibu nini?

Wahasibu husema VAT hulipwa na mgeni, mimi ni tarishi tu. Vitabuni ni kweli. Lakini samaki nanunua kwa wavuvi wa Gazi, mchicha na madafu kwa akina mama wa Ukunda. Vitu hivyo havina VAT, wala mishahara ya watu wangu 7 haina, basi nikija kujaza fomu sina VAT niliyolipa kwenye manunuzi ya kudai irudi. Karibu asilimia 16 yote hutoka hapa kwangu, kabla ya tarehe 20 ya kila mwezi. Mgeni akiikataa, naimeza mimi. Hapo sijagusa leseni za kaunti, na hata muziki wa mkahawani una leseni yake.

Na msiniambie haiwezekani. Mafuta ya gari yalitozwa VAT ya asilimia 8 tangu 2018 hadi 2023. Uingereza mwaka 2020 waliishusha ya hoteli na mikahawa kutoka 20 hadi 5. Najua wapo watakaopunguziwa kodi na bei wasiishushe, baadhi ni majirani zangu. Hao wakagueni, mimi milango yangu iko wazi.

Kila Juni, bajeti ikisomwa, tunaambiwa utalii ni nguzo ya uchumi. Ahsante. Sitaki mkopo, sitaki semina, fulana za maonyesho ninazo tatu. Nataka VAT ya malazi na chakula ishuke hadi 8, na ishuke wageni wakiwepo. Narudia: wageni wakiwepo. Watu wa Desemba wameshaanza kupiga simu kuuliza bei, na mimi bado nawatajia 118,000.

Wako mtiifu, na bado mlipa kodi,
Mama wa vyumba 9, Diani