Kwa walimu mnaostaafu mwaka huu: pangeni ratiba ya mwili kabla ya kupanga kiinua mgongo

Wadogo zangu, walimu mnaokabidhi chaki mwaka huu,

Nawasalimu kwa heshima ya kazi mliyoifanya. Najua wengi wenu sasa mnahangaika na mafaili: barua ya ajira ya kwanza, barua ya kuthibitishwa kazini, hati za mshahara, fomu za PSSSF, mfuko wa pensheni wa watumishi wa umma. Hangaikeni, ni haki yenu. Ila kuna hesabu ambayo hakuna ofisa atakayewaita kuja kuihakiki, nayo ni ya mwili utakaokula hiyo pensheni.

Mwalimu mwenye vipindi sita vya dakika 40 husimama saa nne nzima kwa siku, mbali na mstarini asubuhi, mbali na zamu, mbali na mwendo wa kutoka nyumbani hadi shuleni na kurudi. Hakuna aliyeyaita hayo mazoezi. Chakula nacho kilikuwa na mpaka: kengele ya saa nne iliwaita kwenye chai, na kengele iliyofuata iliwatoa. Siku ya kustaafu vyote viwili vinaondoka pamoja. Unabaki nyumbani na birika lisilo na kengele, kila mgeni anakuta chai na kila chai inakuja na andazi. Miaka miwili mbele suruali hazifungi, magoti yanalalamika, na presha inapimwa kwa mara ya kwanza ikiwa tayari imepanda.

Mlipokuwa kazini ratiba ndiyo iliyowabeba. Basi andikeni nyingine, na muiandike mapema, miezi mitatu kabla ya kuondoka, ili mwili uikute imeshaanza.

Nianze na kutembea. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima apate angalau dakika 150 za mwendo wa wastani kwa wiki, yaani nusu saa kwa siku tano. Mwendo wa wastani ni ule unaokuruhusu kuzungumza lakini hauruhusu kuimba. Kama nusu saa mfululizo inakushinda, gawa dakika kumi kumi baada ya kila mlo. Kwa mwenye kisukari mgawo huo una faida ya ziada, kwa sababu misuli inayofanya kazi huchukua sukari ya chakula kutoka kwenye damu wakati huohuo inapopanda. Vaa viatu vya kufunga, si kandambili. Barabara ikiwa haina njia ya miguu, tembea upande wa kulia, ukiyaona magari yanayokuja mbele yako.

Kutembea peke yake hakutoshi, na hapa ndipo wastaafu wengi hukosea. Kuanzia miaka ya hamsini misuli hupungua mwaka hadi mwaka, na nguvu hupungua haraka kuliko unene wa misuli yenyewe. Utaliona tatizo siku unaposhindwa kuinuka kwenye kochi bila kushika mkono wa kochi. Dawa yake ni kiti cha mbao, kile cha ofisi ya walimu kinafaa kabisa. Kiegemeze ukutani kisiteleze. Kaa nusu ya mbele, miguu iwe na upana wa mabega, kunja mikono kifuani, inuka hadi usimame wima, kisha shuka taratibu ukihesabu moja hadi tatu. Fanya mara 8, pumzika dakika mbili, rudia mara 8. Siku tatu kwa wiki, na siku ya kupumzika katikati. Ukiweza 12 bila taabu mara mbili mfululizo, ongeza duru ya tatu.

Makosa ni matatu. Wengi hujitupa kwenye kiti badala ya kushuka, na nusu ya faida iko kwenye kushuka. Wengine hubana pumzi, na hilo linapandisha presha ghafla. Toa pumzi unapoinuka. Wa tatu huacha magoti yaingie ndani, baadaye wanasema mazoezi yamewaharibu magoti. Goti lielekee kidole cha pili cha mguu.

Ukitaka kujua ulipo, hesabu unainuka mara ngapi kwa sekunde 30. Kwa umri wa miaka 60 hadi 64, mwanamume akiwa chini ya 14 na mwanamke chini ya 12, nguvu za miguu ziko chini ya wastani na hatari ya kuanguka imeongezeka. Ongeza kusimama kwa mguu mmoja karibu na ukuta, sekunde kumi kila upande, kuinuka kwa vidole vya miguu mara 10, na kubeba madumu mawili ya lita tano, moja kila mkono, hatua ishirini kwenda na kurudi. Mchana ukipita bila hayo, yafanye ukisubiri maji yachemke.

Najua mtaniambia, dada, mimi naenda shambani. Nendeni. Ila jembe ni la msimu: masika mnachoka kupita kiasi, kiangazi mnakaa. Tena mgongo uliosimama ubaoni miaka thelathini haujazoea kuinama saa tano. Wiki ya kwanza lima nusu saa tu asubuhi, ongeza dakika kumi kila baada ya siku mbili tatu, tumia mpini mrefu, na badilisha mkono unaotangulia. Kiti kiendelee mwaka mzima, mvua au jua.

Sasa chakula. Sukari kwanza, kwa kuwa ndiyo inayoingia bila kuonekana. Vikombe vinne vya chai kwa siku, kila kimoja vijiko vitatu, ni vijiko 12, karibu gramu 48. Shirika la Afya Duniani linapendekeza kiwango kizuri zaidi kisizidi takribani gramu 25, yaani vijiko sita, na hapo soda na juisi za dukani hazijahesabiwa. Usikate yote kwa siku moja, utarudi nayo kwa hasira. Punguza nusu kijiko kwa kila kikombe kila wiki mbili, ulimi huzoea. Na chai iwe ya saa mbili na ya saa kumi. Mgeni akija katikati, mpe maji, ndizi au kipande cha papai. Hatakosa heshima kwa hilo.

Chumvi na mafuta pimeni kwa kalenda, maana jikoni hakuna anayepima kwa gramu. Kiwango cha chumvi ni chini ya gramu tano kwa mtu kwa siku. Nyumba ya watu wawili isimalize pakiti ya nusu kilo kabla ya siku 50, na hiyo ni kama hamnunui vikolezo vya mchemraba wala samaki wa chumvi. Mafuta, vijiko viwili vikubwa kwa mtu kwa siku vinatosha. Lita moja kwa watu wawili ifike wiki mbili na siku mbili. Andika tarehe kwenye chupa siku unapoifungua.

Kinachopungua kwenye sahani za wastaafu ni protini. Watoto wameondoka, mkaa ni ghali, basi maharage yanaonekana mzigo na mlo unabaki ugali na mchicha. Mtu mzima wa umri wetu anahitaji takribani gramu 1 hadi 1.2 za protini kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku. Mwenye kilo 70 ahesabu 70 hadi 84. Zigawe kwenye milo mitatu, kwa maana mwili hauzitumii vizuri zikirundikwa usiku. Asubuhi ndiyo huwa tupu: mkate na chai ya rangi. Weka yai (gramu 6), kikombe cha maziwa (8) na konzi ya karanga (7), umepata 21 kabla ya jua kuwa kali.

Maharage yapikeni mara moja kwa siku tatu. Nusu kilo, loweka usiku kucha, mwaga maji yale, chemsha kwa maji mapya hadi yaive kabisa. Yatatoka vikombe saba hivi, kila kimoja kina karibu gramu 15. Kama hamna friji, yachemsheni upya asubuhi na jioni, bila kuyaunga. Muunge sehemu mnayokula tu. Dagaa wakavu, toa vichwa, osha kwa maji ya moto mara mbili kuondoa mchanga, kausha kwenye kikaango bila mafuta, twanga. Unga wake nyunyizieni kwenye kisamvu, mlenda au matembele. Wenye figo zilizokwisha kuguswa wamuulize daktari kwanza kuhusu protini.

Dona ni bora kuliko sembe, ila sagisheni kidogo kidogo, kinachoisha ndani ya wiki tatu, maana mafuta ya kiini hugeuka uchungu. Na chagueni mahindi kabla ya kusaga. Punje zenye ukungu, zilizobadilika rangi au kutobolewa, zisiliwe wala kupewa kuku. Sumukuvu, yaani sumu ya ukungu huo, iliua watu Dodoma na Manyara mwaka 2016, na kupika hakuiondoi.

Kipimo cha tumbo hakihitaji mashine. Pima urefu wako kwa kamba, ikunje katikati, zungushia kiuno usawa wa kitovu. Kamba isipokutana, kuna mafuta ya kupunguza. Kinyume chake nacho kina uzito: ukipungua zaidi ya asilimia 5 ndani ya miezi sita hadi kumi na miwili bila kukusudia, yaani kilo tatu na nusu kwa mwenye 70, usishangilie. Nenda ukapimwe sukari na kifua kikuu.

Ratiba yoyote itavunjika. Kutakuwa na msiba wa siku nne, kuuguza, mjukuu aliyeletwa akalelewe, malaria. Kwa siku hizo weka kiwango cha chini kisichoshuka: kuinuka kwenye kiti mara 8, na yai moja au kikombe cha maharage. Ukitoka kitandani baada ya ugonjwa, anza na nusu ya ulichokuwa unafanya. Presha ikisoma zaidi ya 180 kwa 110, siku hiyo mazoezi hakuna, nenda kituo cha afya. Kifua kikibana au pumzi ikikatika, simama na utafute msaada. Anayetumia insulini asitembee na njaa, na abebe sukari. Akianza kutetemeka na kutoka jasho baridi, anywe vijiko vitatu au vinne vya sukari kwenye maji.

Neno la mwisho ni kwa walimu wanaume. Wengi wenu hamjui kupika, na mke akitangulia au akienda miezi mitatu kwa binti aliyejifungua, mnaishi kwa chai na mkate. Nimewaona wakikonda ndani ya nyumba yenye gunia la maharage. Jifunzeni sasa, mama watoto yupo wa kuwaelekeza: uji wa ulezi, maharage, mboga moja ya majani, dagaa, yai. Vitano hivyo vinatosha. Pikeni nyinyi kila Jumamosi kuanzia mwezi huu, na yeye asiingie jikoni hadi sahani ifike mezani.

Dada yenu,
mwalimu mstaafu wa sayansi kimu