Mapipa ya mama bado yamejaa

Shoga yangu,

Salamu nyingi kutoka mtaa wetu wa Ng'ambo, Tabora. Sote wazima, mama anasumbuliwa na magoti tu, na maembe msimu huu yamezaa hadi matawi yanagusa ukuta. Barua yako nimeisoma mara mbili. Pale uliposema huko Kigoma mmepandisha ndoo kilimani wiki nzima, na Ziwa Tanganyika mnaliona dirishani, nilimkumbuka sana marehemu baba. Kisha ukaniuliza kama maji ya kwetu bado yana ile harufu ya tope ya wakati wetu wa shule. Hayana tena. Lakini nikiishia hapo nitakuwa nimemdhulumu baba, kwa hiyo kaa chini usome.

Unajua baba alikuwa mtu wa maji. Aliingia kazini kijana kabisa, miaka ile Serikali ilipoanza mpango wake wa 1971, kwamba katika miaka 20 kila mtu wa kijijini apate maji safi yasiyozidi mita 400 kutoka kwake. Baba aliiamini ahadi hiyo kama anavyoamini mtu aliyekula kiapo. Mwaka 1991 ukafika, na akina mama wa vijiji vya Uyui, hapa jirani, walikuwa bado wanatoka alfajiri na ndoo kichwani. Hakulizungumza sana. Alizidi tu kuwahi kazini.

Mji wetu ulitegemea mabwawa, Kazima hapa karibu na Igombe kule kaskazini, ambako mto ulizibwa. Wewe uliyezaliwa kando ya ziwa huenda hujawahi kuwaza maana ya kuishi kwa bwawa. Mvua ya Tabora inaanza Novemba, inakatika Aprili au mapema Mei. Kilichoingia bwawani miezi hiyo ndicho mtakachonywa, mtakachofulia na mtakachopikia mpaka Novemba nyingine, na jua nalo linachukua fungu lake kila siku. Kufika Oktoba maji yanakuwa mazito, ya kijani, na mgawo unaanza: mtaa huu leo, mtaa ule keshokutwa. Ndiyo maana ulikuwa unakuta madumu yetu yamepangwa foleni usiku, kila dumu na kitambaa cha mwenyewe.

Siku moja, nikiwa darasa la nne, baba alinipeleka kwenye mitambo. Mezani palikuwa na glasi sita za maji ya bwawa, rangi yake kama chai ya maziwa. Akachukua shabu iliyoyeyushwa, akatia kidogo kwenye glasi ya kwanza, akaongeza kidogo kwenye ya pili, hivyo hivyo hadi ya sita. Akakoroga haraka, halafu taratibu, halafu akaacha. Tukakaa kimya. Tope likaanza kushikana, vikatokea vipande kama manyoya ya kifaranga, vikashuka polepole. Glasi ya nne ndiyo iliyotangulia kung'aa. "Hiyo," akasema, na kipimo cha glasi ile kikawa kipimo cha mji mzima siku hiyo. Alinieleza kwamba shabu ikipungua tope halishuki, na ikizidi maji yanakuwa makali ulimini na fedha imepotea bure. Baada ya mvua kubwa alirudia kupima hata usiku. Kwa miaka mingi watu wa Tabora walikunywa kwa jicho la baba na wenzake, na sidhani kama kuna mtu aliyewahi kuwapa ahsante.

Baadaye zikaja mamlaka za maji za mijini, zikaja mita na ankara. Watu walinung'unika. Mimi kulipia maji sioni ubaya, maana shabu na umeme wa pampu vinanunuliwa. Kinachoniuma ni mwezi ambao bomba limetoa upepo na ankara imekuja vilevile.

Habari za maji ya Ziwa Victoria zilipoanza kuvuma, baba alikataa kuziamini, na alikuwa na sababu ya kifundi. Ziwa lile liko takriban mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na Tabora tuko karibu mita 1,200. "Maji hayapandi kwa hotuba," alisema. Tena kulikuwa na kikwazo cha karatasi: mkataba wa 1929 kati ya Uingereza na Misri, uliotaka Misri iridhie kwanza kabla ya kazi yoyote kubwa kwenye maziwa ya Nile. Mwalimu Nyerere alishasema mapema, tulipopata uhuru, kwamba Tanganyika haifungwi na mikataba hiyo ya mkoloni, na ndicho kilichofanyika. Nchi ikajenga chanzo Ihelele, wilaya ya Misungwi. Maji yanatolewa ziwani, yanasafishwa, yanasukumwa hadi kwenye matangi ya mlima Mabale, na kutoka juu kule yanateremka kuelekea Shinyanga na Kahama. Mradi ule ulizinduliwa 2009. Baba aliposikia habari ya Mabale alinyamaza kitambo, akasema, "Basi wamefikiri."

Bomba la kwetu limetolewa kwenye njia hiyo hiyo, kutoka Solwa, likapita Nzega na tawi moja likaenda Igunga, kwa mkopo wa India. Lilizinduliwa mwanzoni mwa 2021. Baba hakuliona.

Siku maji yalipofika mtaani kwetu bomba la uani lilikohoa sana. Upepo, kisha maji ya kutu, kisha upepo tena, halafu yakatoka meupe. Mama aliyakinga kwa kiganja, akayanusa kwanza kabla ya kuyaonja. Nikaenda kabatini nikatoa glasi, nikaijaza, nikaiweka dirishani. Nilingoja kitu kishuke. Hakikushuka kitu.

Na sasa sikia jambo ambalo baba angelipenda. Maji ya Ziwa Victoria yalikuwa yatokee Jinja, Uganda, yaende Misri. Yakishafika hapa, tunayoyamwaga yakipata njia yanafuata Igombe au Ugalla, yanaingia Malagarasi, na Malagarasi inamwagika kwenye ziwa lako, kusini ya Kigoma mjini. Kwa hiyo nikinawa uso hapa uani, huenda kidogo kinakuja kwako. Baba angechukua kalamu achore mito yote hiyo nyuma ya bahasha.

Mama bado anajaza mapipa yote mawili kila jioni, na madumu manne ya jikoni. Nilimwambia maji yapo, apumzishe magoti. Akanitazama, akaendelea kufunika pipa. Sikumwambia tena. Siku hizi namsaidia kubeba.

Likizo ya Juni panda treni uje. Umletee mama migebuka, anaiulizia tangu Pasaka.

Wako wa tangu bwenini.