Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya wa jimbo la Haut-Katanga: sindano itangulie kisu

Mheshimiwa Waziri,

Mimi ni muuguzi wa chumba cha upasuaji hapa Lubumbashi. Ninaloliomba ni hili: antibiotiki ya kukinga kidonda cha operesheni na vijidudu iwe tayari chumbani kabla mgonjwa hajapanda mezani, na isiendelee baada ya operesheni kuisha.

Tunachokiona ni kinyume. Mama analetwa kwa sezarieni, jamaa zake wanapewa ordonansi ndefu, wanazunguka famasi na pesa ya kukopa, na kisu kinapita kabla hawajarudi. Dawa inaanza mama akiwa ameshashonwa, halafu inaendelea siku tano, hata saba. Inaniuma sana: pesa imekwenda na kinga haikupatikana. Vijidudu huingia pale ngozi inapofunguliwa, kwa hiyo saa hiyo dawa lazima iwe imeshafika kwenye damu na nyama. Tangu 2016 Shirika la Afya Duniani linaagiza itolewe ndani ya dakika 120 kabla ya kupasua, na sefazolini, antibiotiki isiyokaa sana mwilini, ikaribie zaidi saa ya kisu. Kwa sezarieni pia ni kabla ya kupasua, si baada ya kukata kitovu. Operesheni ikiisha, basi.

Madaktari wanaoongeza siku wanaogopa, nami naelewa: maji yanakatika, umeme vilevile. Lakini dawa ya wiki nzima hainawishi mikono wala haitakasi vyombo. Inaua vijidudu dhaifu vya tumboni na kuacha vilivyo sugu kwa dawa, kisha mikono yetu inavihamishia kitanda cha jirani. Mwaka 2019 usugu huo ulikadiriwa kuua moja kwa moja watu milioni 1.27 duniani. (Utumbo uliotobolewa na tifoidi ni habari nyingine, pale tunatibu, na siku zinahitajika.)

Toa agizo, Mheshimiwa. Sefazolini, gramu 2 kwa mtu mzima, iwe akiba ya kila chumba cha upasuaji, na bei yake iingie ndani ya bei ya operesheni ili jamaa wasitumwe famasi usiku. Saa ya sindano iandikwe kwenye fishi ya mgonjwa kando ya saa ya kisu, na wakaguzi wako waisome. Hapa mjini Lubumbashi, maeneo ya afya ya Kenya, Katuba na Kampemba yanaweza kuanza.

Kwa heshima,
Muuguzi wa chumba cha upasuaji, Lubumbashi