Dido hakutaka usiku uishe

Tanga

Mpenzi Rehema,

Salamu nyingi, na mama msalimie sana. Umeniuliza kama Aeneid, lile shairi la Virgil, mshairi wa Roma ya kale, nimelimaliza. Wapi! Nimefika kitabu cha 4, viko 12, na kila siku najikuta narudi kwenye karamu ya kitabu cha kwanza.

Kwanza nikuchekeshe. Mwanzoni kabisa mshairi anamwita Musa amkumbushe visa vilivyoleta yale yote. Nikasema, lo, Nabii Musa kafikaje Roma? Kumbe kwa Kilatini Musa ni mungu wa kike wa ushairi. Wetu huanza utenzi kwa kumtaja Mungu, wengine wakaagiza karatasi na wino; huyu anasema "naimba", na kumbe ni mtu wa kuandika, tena wa polepole. Alihangaika nalo miaka ipatayo 10, akafa mwaka 19 K.K. hajalimaliza. Iko mishororo iliyokatika nusu mpaka leo.

Sasa karamu yenyewe. Mji wa Troya umeungua vitani, bahari imemtupa Aeneas, shujaa wake aliyenusurika, Karthago, huko iliko Tunisia leo, na malkia Dido kamkaribisha. Dido anagusisha midomo tu kwenye kikombe cha dhahabu, kisha anampa Bitias, naye anakibugia mpaka anajilowesha. Hapo anaingia Iopas, nywele ndefu, kinubi cha dhahabu mkononi. Unajua anaimba nini? Mwezi unaotangatanga, jua na taabu zake, mvua na moto vilikotoka, kwa nini jua la kipupwe lina haraka ya kuzama baharini. Watu wanashangilia.

Hili ndilo lililoninasa. Kwa Homer, mshairi wa Kigiriki aliyemtangulia, mwimbaji kipofu Demodocus ndiye anayeimba habari za Troya, na Odysseus, aliyepigana huko, anajifunika uso alie. Virgil alilijua hilo fika, lakini mwimbaji wake kampa nyota. Msiba kamwachia mfiwa mwenyewe ausimulie. Mimi naona alifanya makusudi: Troya ya Iopas ingepigiwa makofi, ikaisha.

Dido naye hataki usiku uishe. Anauliza habari za Priam mfalme wa Troya, za mwanawe Hector, na za Wagiriki: farasi wa Diomedes walikuwaje, Achilles alikuwa mkubwa kiasi gani. Maswali ya mtu asiyetaka mgeni akalale! Mwishowe anamwambia, hebu anza mwanzo. Ukumbi unanyamaza, nyota zinatua, na Aeneas anajibu kwamba anaamriwa kufufua uchungu usiosemeka. Anasimulia vitabu viwili vizima.

Basi jana usiku nimekuta kwenye cha 4 Dido anaandaa karamu nyingine, anaomba kisa kilekile tena. Virgil anasema ananing'inia mdomoni mwa msimulizi. Wageni wakiondoka, anabaki peke yake ukumbini, anajilaza kwenye kiti alichokiacha Aeneas. Nikafunga kitabu, nikazima taa, usingizi wenyewe haukuja.

Najua Dido atakufa, ulishaniambia, mbea wee. Kitabu cha 5 usinigusie.

Wako,
Mwana